Baba Hangoji Wakwe

Mtwara, Jumanne

Kaka Laurenti,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu baba alitufundisha hivyo, si kwa sababu moyo umetaka. Simu zangu unazikata, basi nimeandika. Karatasi utaichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Mimi ni mzima, kama ungependa kujua. Korosho za msimu huu ni nyingi, na mafuta ya maganda yamenichubua vidole hata kalamu naishika kwa kitambaa. Afya yako siiulizi. Naiuliza ya baba.

Wifi Edita ameniambia yote, na usithubutu kumkaripia mkeo, maana mimi ndiye niliyembana. Nilijua kwamba baba alipimwa hospitali ya kanda, wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana, ikawa saratani. Nilijua daktari alisema bado iko mahali pamoja, ikikatwa mapema kuna matumaini, akampangia siku ya upasuaji. Kumbe siku hiyo uliifuta wewe! Kwangu ukasema hospitali ndiyo iliyoahirisha. Miezi minne nimewalaani watu wasio na kosa.

Na sababu? Eti binti yako Jenista anaposwa. Eti kwetu Kanazi babu wa binti ndiye anayetangulia kunywa kwa mrija kwenye chungu cha pombe, mbele ya wakwe, na daktari alisema huenda baba akawekewa mfuko wa choo tumboni. Maneno yako ninayo: "Mzee atainamaje kwenye mrija na mfuko unaning'inia? Tumalize sherehe kwanza." Wakwe wakafiwa, sherehe ikasogea. Zikaja mvua, ikasogea tena. Baba anakonda, anangoja pombe ya mtama! Na wewe kila Jumapili uko benchi la mbele kanisani.

Nilimuuliza muuguzi wa zahanati ya hapa kama miezi hiyo ina neno. Hakunificha. "Dada, uvimbe hauna subira. Leo unakatwa ukaisha, kesho umeshaingia kwenye ini, na hapo daktari atakushika mkono tu." Nilirudi kazini nikabangua korosho mpaka jioni.

Jana wifi alimshikia baba simu. Sauti yake imekuwa nyembamba. Akasema, "Mwanangu, kisu sikiogopi. Naogopa kumwaibisha kaka yako mbele ya watu."

Umesikia? Tumbo linamuuma yeye, na bado anakulinda wewe.

Sasa na langu, usije ukasema najifanya msafi. Baba alipoanza kuona damu chooni alinipigia mimi, si wewe. Nikamwambia ni bawasiri. Nikamtumia unga wa mizizi kutoka kwa mganga wa hapa, akaunywa hadi ukaisha, halafu nikamtumia mwingine. Aliunywa kwa kuwa umetoka kwangu. Muda ule niliupoteza mimi, na nikikumbuka nalia, naona haya hata kuandika. Lakini mimi nilichelewesha kwa ujinga, kaka. Wewe unachelewesha huku unajua.

Wifi amepiga simu hospitali. Wamesema baba apelekwe Jumatatu, wampime upya waone kama uvimbe bado unakatika. Hawakuahidi kitu. Barua hii inapanda basi leo, mimi napanda Alhamisi. Jumapili asubuhi naondoka naye, utake usitake.

Msalimie shangazi Verediana, mwambie ahsante kwa uji anaompikia baba. Katekista anayemwombea baba naye mpe salamu. Sala zake zimetufikisha hapa, sasa atusaidie gari. Jenista mpe pole, yeye hana kosa. Mwambie babu yake akipona atakunywa kwa mrija na mfuko wake tumboni, na mkwe atakayecheka arudi kwao bila mke.

Usije kunipokea stendi. Jumapili mwogeshe baba, mvike shati lake la kanisani, nimkute amekaa tayari. Wakwe tutapata wengine, Laurenti. Baba haposwi.

Mdogo wako, ukipenda usipende,
Konsolata