Nyumba Nimeshanunua, na Jogoo Tumemla

Kwa duka la Nyaberi,
Silibwet, Bomet,
17 Mei 1936

Mpendwa kaka Kepher,

Salamu nyingi zikufikie huko Makindu kwenye reli. Habari za joto, na habari za kifua kile kilichokusumbua wakati wa Pasaka? Wifi Jerusa hajambo? Natumaini mnaamka salama. Sisi huku hatujambo, mimi na binti yangu. Ayoo amerefuka, sasa ananifikia begani. Mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida ya nchi hii ya chai, lakini tunakula na tunalala, kwa hiyo namshukuru Mungu.

Barua yako niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nikacheka, mara ya pili nikakasirika. Juu ya karatasi unaniambia nikungoje upate likizo uje unitafutie nyumba. Chini yake unaniambia nyumba ya nini, afadhali nirudi nyumbani nikae kwa Otiende anirithi. Sasa kaka, nishike lipi? Basi nimeyaacha yote mawili. Nyumba nimeshanunua. Bei sikuambii, maana najua utapiga kelele hadi garimoshi lisimame.

Usiseme nilikuwa na haraka. Tulipomaliza tu kumzika mume wangu Obiero, mnyapara alisimama mlangoni akasema nyumba za laini ya kampuni ni za watu wanaofanya kazi ya chai, na marehemu hachumi chai. Alitaka tutoke kabla ya mwezi kuisha. Ningekungoja wapi mimi? Chini ya majani ya chai?

Na Otiende unamjua vizuri. Ni mdogo wake Obiero, lakini hawakufanana hata kidogo. Ana wake wawili wanaolala njaa, na biashara yangu ya samaki wakavu ameikodolea macho tangu zamani. Mimi Obiero nilimpenda, kaka. Mpaka leo nikisikia mtu anakohoa kama yeye nageuka. Otiende simpendi, na sitampenda hata mkinifunga kamba.

Uliandika kwamba mwanamke hajui kukagua nyumba. Haya, kaa chini nikueleze.

Nyumba ya kwanza niliiona Sigor. Nzuri kwa macho! Ilikuwa imesiribwa upya kwa udongo na samadi, lakini ukuta mmoja tu, ule wa nyuma. Nikajiuliza, kwa nini huyu mmoja ameogeshwa na wenzake hawakuogeshwa? Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikazama, na mchwa wakatoka kunisalimu. Mwenye nyumba akasema ni wadudu wachache tu wa msimu. Nikamwambia abaki nao msimu wote.

Ya pili ilikuwa Mulot. Paa zima, kuta nzima, hata mlango ulikuwa na kufuli. Lakini nilikaa pale mchana kutwa nikitazama wanawake wakienda mtoni, na aliyeondoka asubuhi alirudi jua likiwa juu kabisa. Tena wanaopita njia ile wanafuata ng'ombe, wana nyama na maziwa yao, samaki hawataki hata kunusa. Nyumba hailiwi, kaka. Mtu akitafuta mahali pa kukaa aulize kwanza atachota wapi na atakula nini.

Hii ya Silibwet ilikuwa ya Gichana, seremala Mkisii anayerudi kwao kumtunza baba yake. Aliniambia nije asubuhi, jua likiwaka. Nikamwitikia, lakini nilikuja alasiri mvua ikipiga, nikasimama ndani huku nimetazama juu. Paa ni la madebe ya mafuta ya taa yaliyonyooshwa, na linavuja pembeni mwa jiko, mahali pamoja. Pamoja napaweza. Maji ya uani yanateremka kwenda bondeni, hayaingii mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshashuka kisimani na wanawake wa hapa, nikawasaidia kubeba, na kule kisimani hakuna siri. Waliniambia Gichana ni mtu wa kweli ila mkewe Kemuma alikuwa akilia moshi kila siku. Basi dirisha la jiko nimelipanua.

Lakini jambo kubwa ni lile ambalo wewe hukuliandika kabisa. Nyumba ni ya Gichana, sawa, lakini udongo ni wa mzee arap Tesot. Mgeni huku ananunua kuta na paa tu. Ukimlipa mwenye kuta ukamsahau mwenye udongo, siku moja utaambiwa beba kuta zako uende. Kwa hiyo Gichana hakuona kitu mkononi mwangu mpaka arap Tesot, mkewe Tapsabei na wazee wa kokwet, ndio majirani wote wa mlima huu, walipokaa wakasema mbele ya watu kwamba nitaishi hapa, na Ayoo baada yangu. Wakanipa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yaliyotiwa mkaa. Lo! Uchachu ule! Nilikunywa bila kukunja uso, na Tapsabei akacheka akanipiga mgongoni. Maandiko yanasema jirani aliye karibu ni bora kuliko ndugu aliye mbali. Usinune, si mimi niliyeyaandika.

Sasa nikueleze ya jogoo, maana najua Otiende amekwisha kukuandikia ya kwake.

Desturi ya kwetu unaijua. Mwanamume anayefungua boma jipya hubeba jogoo, mtoto wake wa kiume wa kwanza hutangulia na shoka, mke hufuata na moto. Mimi mume sina, na mtoto wa kiume sikujaliwa. Je, nilale nje? Ayoo alitangulia na shoka, nami nikamfuata na makaa kwenye kigae. Tuliingia, tukawasha, tukalala fofofo.

Siku ya pili namwona Otiende anapanda mlima, amevaa koti lake la vita, shoka begani, jogoo kwapani. Alitaka jogoo wake alale ndani ili boma lihesabiwe kuwa lake, nami niwe wake pamoja na nyumba. Lakini alifanya kosa la mtu aliyezoea kwao. Alisimama uani akaanza kuonyesha kwa shoka mahali atakapoweka lango, mahali pa kibanda cha wake zake na mahali pa zizi. Kwenye udongo wa watu! Tapsabei alikuwa anapalilia wimbi karibu, akaja na jembe lake.

"Nani huyu," akasema, "anakuja kujenka poma kwa shampa yetu na kuku?"

Otiende akaanza kueleza mambo ya ukoo. Arap Tesot naye akafika, akamwuliza ukoo huo una mto gani na mlima gani hapa Silibwet. Katika kubishana Otiende akamweka jogoo chini, nami sikungoja kuambiwa. Nikamkamata, nikamchinja, nikamtia sufuriani.

"Shemeji, asante kwa kitoweo," nikamwambia. "Karibu ukae, ugali uko tayari."

Na alikula, kaka! Alikuwa ametembea tangu Sotik na mvua ilimnyeshea. Paja ni yeye aliyelila. Shemeji ni shemeji, sikumnyima. Ila tangu lini mtu akafungua boma kwa jogoo aliyemo tumboni mwake? Hata mwenyewe alipomaliza kunawa alilijua hilo, akachukua shoka lake akaenda. Njiani aliwaambia watu kwamba wazee watakuja kwenu kudai ng'ombe wa mahari.

Najua hilo ndilo linalokunyima usingizi. Wakija, waambie ng'ombe walitolewa ili niolewe na Obiero, na niliolewa naye mpaka mauti. Wasiposikia, warudishie. Ng'ombe wanajua kutembea. Mimi sirudi.

Unaniuliza pia nitazikwa wapi. Kaka, niache kwanza niishi.

Nisalimie wifi Jerusa, mwambie samaki wake wako tayari, nitampa mtu wa garimoshi. Nisalimie mama Bonareri jirani yenu, na watoto wote. Mungu akulinde kazini, akuponye kifua, na akulainishie moyo kidogo.

Nakupenda, kaka yangu, na hasira hii yote haikupunguza kitu. Likizo yako ikifika njoo, uone mahali tunapolala. Ukifika mlangoni piga hodi. Atakayekuambia karibu ni mimi.

Nduguyo asiyekusahau,
Loice