Sahani ya Msabato

Ijumaa, 28 Machi 1986. Moroni.

Nimeamka saa kumi na moja. Kufua, kufagia, kupika vya leo na vya kesho. Jirani yangu Roukia kachungulia uani, kanisifu – mke wa Saïndou ni Muislamu wa mfano, anavyoiheshimu Ijumaa! Nikatabasamu. Ninachokiandalia ni Jumamosi, Sabato yangu, ninayoitunza kimyakimya maana huku sina wa kuimba naye hata ubeti mmoja.

Miaka sita sasa. Mume wangu Saïndou aliwaambia kwao kwamba nilisilimu Tanga kabla hatujaoana. Sikusilimu. Lakini nilishuka kwenye ndege huku visiwani nikakuta jina jipya linanisubiri, Zaïnati, na mashangazi wameshika maua. Nikaitika. Upareni baba alitulea Kisabato: nguruwe hapana, pombe hapana, sigara hapana, chai na kahawa hapana. Mwili ni mali ya Mungu, usiutie takataka. Basi wanawake wa mtaa wakiona sigusi nguruwe wala pombe, wanaridhika kabisa. Sahani yangu ndiyo inayonificha! Na ndiyo ibada pekee niliyobaki nayo.

Mama mkwe, Zouhoura, yuko kwetu tangu Januari. Alikuja kutoka Mutsamudu, kisiwa kingine, na presha, miguu imevimba mpaka viatu vya plastiki havimwingii. Nikamwondolea chumvi, papa mkavu, vitumbua vinavyochuruzika mafuta. Nikampa mataba – kisamvu tu, ila nazi kidogo – na shelisheli la kuchemsha, samaki wa kuchoma, mapapai. Leo kavaa viatu. Kanishika mikono, kaibusu, anasema ina baraka. Nikafurahi kijinga.

Jumapili, 30 Machi.

Pasaka ya Wazungu. Saïndou ni fundi wa magari kambini kwa mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais. Karudi mchana na mfuko. Kapteni mmoja, yule mwenye msalaba wa dhahabu shingoni na bastola kiunoni, kampa aniletee zawadi: kopo la nyama ya nguruwe na chupa ya mvinyo. Kwa madamu, dada yetu katika imani!

Dada! Nikamwuliza Saïndou, kajuaje? Anaangalia kucha. Eti alipokuwa anaomba kazi aliwaambia mkewe ni Mkristo, ili wamwamini. Yaani nyumbani kwao mimi Muislamu ili apate amani, kambini mimi Mkristo ili apate mshahara. Hakuna siku aliyoniuliza.

Nikamwambia akatupe. Akacheka – sasa wewe ni Mkristo wa aina gani, nguruwe huli, mvinyo hunywi? Kapteni naye ndivyo angesema, huyo kaka yangu mpya. Chupa kaimwaga mbele yangu. Kopo atalirudisha kesho.

Jumanne, 1 Aprili.

Hakulirudisha. Alilisahau nyuma ya debe la unga, jikoni kwangu. Mama mkwe kalikuta asubuhi. Hasomi Kifaransa, ila nguruwe aliyechorwa kwenye kopo kamwona vizuri. Kapiga ukelele mpaka Roukia kaja mbio.

Vyombo vyote vikatolewa uani. Sufuria, miiko, mbuzi ya nazi, kikombe cha mwanangu Mouzdalifa. Vikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yao inavyotaka kwa kilichoguswa na nguruwe. Roukia anahesabu kwa sauti, mtaa mzima usikie. Kopo lenyewe halijafunguliwa! Nani anasikiliza? Mama mkwe kakaa mkekani analia – umenilisha najisi miezi mitatu, na mimi nakuombea dua. Miezi mitatu ya kupima chumvi kwa ncha ya kidole! Na miguu ile ile iliyopona anainyoosha, anaitazama kama si yake.

Ningeweza kusema: dini yangu inakataza nguruwe kama yenu. Wangeuliza, dini ipi? Saïndou kaegemea mlango, anasikia yote. Neno moja tu lake lingetosha: kopo ni langu. Hakulisema. Leo namchukia, na naandika ili kesho nisijidai nimesahau.

Alhamisi, 3 Aprili.

Hukumu imetoka. Mama mkwe anarudi Mutsamudu kesho kutwa na anaondoka na Mouzdalifa. Mtoto wa miaka mitano halelewi kwenye jiko kama langu. Sisi tutafuata kwa harusi ya Nafissa, dada yake Saïndou. Huko nitakaa na wanawake nile chochote nitakachopewa. Wakiridhika, mtoto tunarudi naye. Wasiporidhika, anabaki kwa bibi yake, moja kwa moja.

Chochote ni nini? Saïndou anajua vizuri. Wameshaanza kuulizana: mbona Zaïnati hali pweza? Papa hali, kamba hali, na kahawa miaka sita inampa kiungulia? Kwao vyote hivyo halali. Kwetu kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Siku zote nilikuwa naogopa watanikuta nasali. Kumbe watanikamata kwa pweza!

Nikasema mtoto haendi. Saïndou akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaoniua – utakwenda kwa kadhi ukasemeje? Kwamba ulitudanganya? Eti mimi ndiye niliyedanganya! Huku nyumba ni ya mwanamke, mume akikosa ndiye anayebeba sanduku. Roukia mumewe kabeba mara mbili. Mimi sina ukoo wa kunijengea. Sina nyumba ya kumfukuza mtu.

Jumamosi, 5 Aprili.

Ndege saa nne. Mouzdalifa kavaa gauni la njano. Hakulia. Sabato. Nimekula ndizi moja ya kuchemsha.

Ijumaa, 11 Aprili. Mutsamudu.

Tumeshuka uwanja wa ndege wa Ouani, tukachukua teksi. Njiani kizuizi, askari na Mzungu mmoja. Wanapekua mabegi ya watu, akina mama wanashushwa na vikapu vyao. Mzungu alipomwona Saïndou wakapigana mabega, sisi tukapita. Niliangalia upande mwingine.

Mouzdalifa kanikimbilia, kaninusa shingo. Mama mkwe hakuinuka kitini. Miguu yake! Imevimba tena, ngozi inang'aa. Pembeni wali na papa mkavu wa chumvi. Wiki moja tu! Nikamwambia Saïndou ampeleke hospitali ya Hombo, si mbali. Nikaomba nimpikie hata uji. Mama mkwe kasema, bila kunitazama, afadhali miguu ipasuke kuliko kula mkononi mwa mtu asiyemjua. Hilo la mwisho siwezi kumbishia. Hanijui kweli.

Jumapili, 13 Aprili.

Harusi. Wanaume nje, wanawake ndani mikekani, masinia katikati. Mama mkwe kaketi mbele yangu. Wali, nyama, na pweza wa nazi. Akachagua mnyiri, mguu mmoja wa pweza, kwa mkono wake mwenyewe, akauweka upande wangu. Mazungumzo yakapungua.

Nikala. Mungu wangu, ulikuwa mtamu! Nilitegemea kinyaa kinitetee kidogo, hakikuja. Wa pili nikachukua mwenyewe. Kahawa nikanywa. Mama mkwe machozi yakamtoka, akanivuta kifuani – huyu ni mwanangu, Jumatano rudini na mtoto wenu. Vigelegele! Nikalia nao. Wakadhani ni furaha.

Kwa furaha hiyo akamkatia Mouzdalifa kipande. Mtoto akabana midomo. Kisha akasema, koko – ndivyo wanavyomwita bibi huku – hii haina magamba, hatuli.

Vigelegele vikafa. Mimi ndiye niliyemfundisha, sokoni, kama mchezo: huyu ana magamba? Na huyu? Mama mkwe hakukasirika hata kidogo. Kauliza polepole, nani kakwambia hatuli? Mouzdalifa akageuza kichwa. Alikuwa ananitazama mimi, na mchuzi wa pweza bado uko vidoleni mwangu.

Nikasema: kula, mwanangu. Akafungua mdomo, bibi yake akamtia.

Nimekimbilia chumba cha nyuma, nimesema naleta maji. Pazia liko wazi, namwona. Hatafuni. Kakiweka shavuni, shavu limetuna, machozi yanamshuka bila sauti. Wote wanamtazama mdomo. Akitema, simpati tena. Nimepiga magoti hapa kati ya masufuria ya harusi, daftari sakafuni. Miaka sita sijawahi kupiga magoti katika visiwa hivi. Ameze. Ee Mungu wa baba yangu, mfanye ameze