Kikopo cha Tarehe 29 Mei

Maganzo,
2 Juni 1985

Mpendwa Baba Mdogo Kalisti,

Shikamoo. Habari za Geita na mashine unazotengeneza huko? Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kwa vumbi.

Bawa la kushoto la ndege tunayoiunda nimelimaliza tarehe 29 Mei. Vitambaa vya nyuzi za kioo nimevilaza na kuvipaka gundi kama ulivyonifundisha. Kila mchanganyiko nimebakiza kidogo kwenye kikopo, nikaandika tarehe, nikakitundika msumarini. Vyote vimekauka.

Kiti ulichonitengenezea cha kujifunzia kuruka nakikalia kila asubuhi. Nashika mpini wa jembe kama usukani, natazama saa za ndege ulizonichorea kwenye katoni, natua. Juzi jirani yetu Mama Zamoyoni alichungulia dirishani: “We Generosa, umefika Mwanza au bado?” Nilitamani kujificha chini ya kiti.

Mwanao,
Generosa


Geita,
19 Juni 1985

Mwanangu Generosa,

Marahaba, mama. Mimi mzima, mgongo tu. Mama yako anywe tangawizi.

Injini ya Voksiwageni imekubali! Fundi Marselino na mimi tutaileta tarehe 20 Julai. Tukishaifunga naruka, na kiti cha pili ni chako. Hapa wananitania: “Kalisti, ndege ya gundi si itayeyuka juani?” Nikawajibu, gundi yangu inapimwa na binti aliyemaliza Form Four, kwa mizani ya sonara, na vikopo vyake vyote ni vigumu kama jiwe. Wakarudi kwenye kazi zao.

Baba yako mdogo,
Kalisti


Geita,
4 Julai 1985

Mwanangu,

Hamjambo? Mbona kimya? Kama mama yako amezidiwa, niambie. Nimekupatia miwani ya kurukia, inakaza kidogo masikioni.

Baba yako mdogo,
Kalisti


Maganzo,
9 Julai 1985

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama amepona. Nilinyamaza kwa aibu.

Siku ile ya 29 Mei mizani haikuwepo. Sonara Akida, anayetuazimisha, alikuwa ameichukua kwa kazi yake. Uliniagiza ikitokea hivyo niende kuiomba. Nilifika mpaka mlangoni. Ndani wanaume wamejaa, mmoja akasema, “Karibu, mchumba!” Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani, nikapima gundi na dawa yake ya kugandisha kwa kijiko cha chai.

Kesho yake nilibonyeza gundi ya kikopo cha siku ile, ukucha ukazama. Nikakificha kwenye sanduku langu la shule. Nikachukua kikopo kigumu cha siku nyingine, nikakiandika 29 Mei. Bawa nikalipaka rangi.

Barua yako ya kunisifu nimeisoma mara nyingi, na kila mara nashindwa kuimaliza. Usiruke, Baba. Hata ukinichukia, usiruke.

Generosa


Geita,
15 Julai 1985

Mwanangu Generosa,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Ningejibu siku ile ile ningekuumiza.

Tungekufa, Generosa. Mimi, na wewe pembeni yangu.

Tarehe 20 siji. Kata bawa hilo, utazame ndani. Kikopo laini kirudishe msumarini. Halafu nenda kwa Akida ukaombe mizani, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Wale wa hapa nimewaambia ukweli. Wamecheka mpaka wakakaa chini.

Barua yako imekosa neno mwishoni, hapo juu ya jina. Usiliache tena.

Baba yako mdogo,
Kalisti


Maganzo,
24 Julai 1985

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje?

Nimelikata kwa msumeno. Juu rangi ilikuwa nzuri sana. Chini yake gundi inanata, kitambaa kinabanduka kwa mkono.

Kwa Akida walikuwa wanaume sita. Yule yule akasema, “Mchumba amerudi!” Nikasema, “Shikamooni. Naomba mizani.” Akida akanipa. Nimeanza bawa upya.

Kile kiti bado sijakikalia. Naona sistahili.

Kikopo kiko msumarini. Mama Zamoyoni amekiona, akauliza kwa nini hicho kimoja kinang’aa kama kibichi. Nikamweleza yote, mpaka sanduku la shule. Nilidhani atacheka. Alikishusha, akakibonyeza kwa ukucha, akautazama ukizama. Kisha akakirudisha pale pale.

Mwanao,
Generosa