Ndoto Iliyopitia Sumaku

Manchester, 2 Machi 1997

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani Lumakanda. Magoti yako yanasemaje na baridi ya asubuhi? Mimi ni mzima. Masomo ya uuguzi yananibana, lakini si ya kulalamikia.

Barua ya kaka Clifford ilifika. Nimefurahi kusikia mkewe Dinah amejifungua msichana. Anasema mtoto analia kila jioni, na shangazi yetu, senge Rachael, amemwitia majina ya marehemu wengi wa ukoo wala hakuna lililomnyamazisha. Mama, nadhani najua sababu. Jumanne nilimwota Muhonja. Tangu dada yangu atuache Oktoba sikuwa nimemwota hata mara moja, na kumzika sikumzika, kwa hiyo unajua nilivyoamka. Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na gauni la manjano. Akaniuliza, "Mbona mmenyamaza na jina langu?" Mama, anataka kuitwa. Mwambie senge.

Kabla sijasahau, hapa hospitalini nimejitolea katika utafiti wa kumbukumbu. Wanakuwekea sumaku ya umeme juu ya kichwa, hakuna sindano wala kisu. Inagonga tu tak, tak, kama kidole kwenye meza. Halafu wanakusomea maneno waone utakumbuka mangapi. Usiogope.

Mwanao,
Andati

*

Lumakanda, 25 Machi 1997

Mwanangu Andati,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tupo, mvua imeanza na tunapanda mahindi. Magoti ni yale yale, yanajua hali ya hewa kuliko redio. Wewe unakula vizuri?

Barua yako niliisoma nikaketi chini. Kisha nikarudia kule mwisho, uliposema "kabla sijasahau". Jambo kama hilo ndilo la kuwekwa mwisho, baba? Hiyo sumaku walikuwekea siku gani? Kabla ya ndoto au baada?

Nilimsomea senge yako. Unamjua, dada ya marehemu baba yenu hajawahi kukosa neno. Alisema, "Muhonja alikufa msichana, hakuacha mtoto. Wa namna hiyo hatumwiti sisi, mpaka aje aombe mwenyewe. Na akija anakujanga kwa miguu yake, si kwa waya." Yeye anataka mtoto aitwe Navalayo, jina la mama yake. Jirani yetu Kiplagat alikuwa amekuja kurudisha jembe, akacheka. "Mama Clifford, betri ikichajiwa sana hata redio iliyokufa inaongea!" Nilimpa chai, lakini sikucheka.

Mimi sijamwota. Tangu tumzike nalala kwenye kitanda chake, na hajaja. Sikatai kwamba alikuja kwako. Nauliza tu. Lile gauni la manjano nilikuandikia mimi mwezi wa Novemba, kwamba ndilo tulilomzika nalo. Aliongea lugha gani? Alisimama vipi?

Ni mimi,
Mama yako

*

Manchester, 20 Aprili 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mahindi yameota vizuri na mtoto amepunguza kilio. Mimi nina mafua kidogo tu.

Sumaku ilikuwa Jumatatu, ndoto ikaja usiku uliofuata. Aliongea Kilogooli, kama nyumbani. Kuhusu gauni, ni kweli, nimelikuta kwenye barua yako. Lakini alikuwa akijikuna kifundo cha mguu kwa kidole gumba cha mguu wa pili, na hilo hukuniandikia.

Sitakuficha jambo lingine. Siku moja walinisomea maneno: kitanda, shuka, mto, kupumzika, kuamka, ndoto. Baadaye wakaniuliza, "Je, tulisema usingizi?" Nikasema ndiyo. Nikaapa kwamba nimemsikia daktari akilitamka kwa sauti yake. Mama, halikusomwa. Daktari anasema hata wasiowekewa sumaku hukosea hivyo, akili hujaza pengo yenyewe. Kama sumaku inaongeza au inapunguza, ndilo wanalotafuta, bado hawajui.

Lakini Muhonja si neno, Mama.

Mwanao,
Andati

*

Lumakanda, 14 Mei 1997

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima, ila mtoto ana kikohozi. Kliniki wameandika kwenye kadi yake "Mtoto wa Dinah", kwa sababu walipouliza jina tulitazamana.

Unasema Muhonja si neno. Lakini uliapa.

Huo mguu naujua. Ndivyo alivyosimama akichambua mboga, nami nilikuwa nikimwambia, "Utaanguka, wewe korongo." Ulikua naye, uliuona kila siku. Kukumbuka na kujiwa ni vitu viwili, Andati. Ya kukumbuka ninayo, nyumba imejaa. Najua hata alivyokuwa anapuliza uji upande mmoja tu wa kikombe. Ninachotaka ni kwamba aje.

Na watu wasiotujua wamekugonga palepale unapomweka dada yako. Wametoa nini, wametia nini? Hata wao hawajui, umesema mwenyewe. Mimi sina ugomvi nao, pengine ni watu wazuri. Lakini acha hiyo sumaku. Kaa bila. Akija tena nitaamini, nami nitamkabili Rachael.

Mama yako

*

Manchester, 30 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza. Kiafya sijambo. Nilitaka niandike nikiwa na la kusema.

Niliacha sumaku siku ileile barua yako ilipofika. Tangu hapo nasubiri. Hata mchana nikitoka zamu najilaza, nasema labda. Hajaja. Na sasa ile ndoto ya kwanza yenyewe siioni vizuri. Nauona mlango wa jikoni, halafu najiuliza kama niliuona au niliusoma. Swali lake, "mbona mmenyamaza", linanijia kwa sauti yangu mwenyewe.

Nimeanza kujishuku, Mama. Pengine nilitaka tu niwe na kitu cha kukuletea, kwa kuwa sikuja matangani. Senge alisema kweli. Mtoto aitwe Navalayo, alale.

Mwanao,
Andati

*

Lumakanda, 28 Septemba 1997

Mwanangu Andati,

Nakusalimu sana. Hapa tu wazima, na kikohozi cha mtoto kimeisha. Barua yako imeniuma kuliko ile ya sumaku.

Jumapili baada ya kanisa watu walikuja nyumbani kwa ajili ya jina. Dinah alipika obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kutosha wote. Rachael akampakata mtoto, akasema, "Basi tumwite Navalayo, tule." Sijui nini kiliniinua. Nilimchukua mtoto mikononi mwake nikasema, "Huyu ni Muhonja."

Akaniuliza, "Nani amemwota?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, wifi."

"Basi unamwita mtu aliyekataa kuja!"

Mtoto alikuwa analia, na hakunyamaza nilipolitaja jina. Siwezi kukudanganya. Alinyamaza Dinah alipomnyonyesha, kama mtoto yeyote. Kiplagat peke yake ndiye aliyeanza kula. Rachael aliondoka bila kuonja kitu. Jumatatu Clifford alilipeleka jina kliniki likaandikwa.

Wewe usijilazimishe kulala. Usijilaumu kwa ajili ya matanga, barabara yako ilikuwa ndefu. Na ukimwota tena, mshukuru Mungu ukae naye hapo, usiniandikie. Sitaki kuanza kupima tena, huyu ni yeye, huyu ni waya.

Senge yako ametuma neno kwamba nimekosea, kwamba mwenye jina akichukizwa humjia aliyemwita na kumgombeza. Nimemjibu, vema. Siku hizi nalala mapema, kuku wakiingia tu. Kama Muhonja hataki jina lake litumike, aje aniambie mwenyewe. Aje hata na hasira. Anigombeze mpaka kuche.

Ni mimi,
Mama yenu