Mashabiki Wanaulizia Beti ya Pili

Chumba cha nyuma, duka la cherehani,
mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za dada yako, nyingi hadi zimwagike. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanakula vizuri, au bado mnakimbizana nao na kijiko nyumba nzima? Na ule mgongo wako, umemwona daktari au unajitibu mwenyewe kama kawaida yako? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anatembea kunishinda mimi. Shemeji yako anatengeneza mafriji ya watu wote, la kwetu analiacha lingurume.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimefanya hivyo kwa sababu ujumbe wa simu ukiona tu una jina la shemeji yako, unaufuta. Karatasi haifutiki. Ukitaka kuichana, ichane, ila isome kwanza.

Sitakuzungusha. Nataka uimbe tena na bendi, na upatane na mume wangu. Hata ukiwa hukohuko uliko, inawezekana, na nitakueleza namna yake. Tulia nikusimulie.

Siku ile ya harusi, shemeji yako alipomwambia fundi mitambo ashushe sauti ya maiki yako mbele ya wageni, akisingizia mashine ina hitilafu, alikukosea. Nilimwambia siku ileile na mpaka leo namwambia. Ingawa na wewe, mdogo wangu, wimbo ulikuwa umeurefusha mpaka bibi harusi akachoka kucheza akakaa. Haya, hayo tuyaache. Wewe ukaondoka, na miaka mitatu sasa bendi inakohoa tu.

Usifikiri natia chumvi. Mtangazaji wa redio alichukua sahani yetu ya nyimbo, akasema atatutafuta. Nadhani bado anatutafuta. Mabango tukibandika asubuhi, mchana yamefunikwa na tangazo la kukodisha viti. Mwaka jana tulipiga kwenye ukumbi wenye watu kumi na mmoja, sita kati yao ndugu zetu, wawili wahudumu. Mwalimu, mpiga ngoma wetu, akasema bora vyombo viuzwe, kila mtu arudi kwenye kazi yake. Shemeji yako akainama, akaanza kukunja nyaya. Unamjua alivyo mbishi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Aliyetuokoa ni kinyozi, mpiga besi wetu. Alitufungulia ukurasa kwenye mtandao, akaegemeza simu kwenye jora la kitambaa cha mapazia humu dukani, akarekodi mazoezi na kuyaweka hewani. Kazi ya kuwajibu watu akanitupia mimi, kwa kuwa nashinda hapa kutwa. "Dada, wewe wajibu tu vizuri," akasema, akaenda zake kunyoa.

Sasa mimi nijue kujibu vizuri maana yake nini? Mama alitulea kwamba mtu akipiga hodi unamkaribisha, unamjulia hali, ndipo mnazungumza. Basi kila aliyeweka kidole gumba nikamwandikia, mmoja baada ya mwingine: karibu sana, habari za huko, wazazi hawajambo, kazi zinaendaje? Siku ya kwanza tu walikuwa mia mbili na kumi na wanne! Gauni la mteja lililala mashineni na mkono mmoja. Jioni kinyozi alipoona, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eti kidole gumba hakijibiwi. Loo, nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Lakini kesho yake, Chiriku, walikuwa wamejibu. Muuguzi mmoja akaniambia mama yake ametoka hospitali, na kwamba nyimbo zetu anazisikiliza akienda zamu. Dereva wa lori akasema watoto hana, ana paka, na paka hajambo. Wakauliza wimbo mpya unatoka lini, wakaleta na wenzao. Sasa wanajuliana hali wao kwa wao kwenye ukurasa wetu, asiyeonekana wiki nzima anaulizwa alipo. Mimi wananiita Mama Salamu.

Sikudanganyi, si asali tupu. Mmoja aliandika kwamba gitaa linapigwa na kitambi cha shemeji yako. Nikamjulia hali ya nyumbani kwake, akaona haya, akaomba radhi. Tena vidole gumba elfu moja havijazi viti, wengi wao wako mbali. Ila Jumamosi iliyopita tulipiga kwenye ukumbi wa shule anayofundisha Mwalimu, na viti viliisha. Muuguzi alikuja na sare yake ya kazi. Dereva alisimama mlangoni kwa kukosa pa kukaa.

Na watu nisiowajua kabisa waliimba maneno yako, mdogo wangu, neno kwa neno. Ilipofika beti ya pili, shemeji yako akapiga gitaa tupu. Ndivyo afanyavyo tangu uondoke, hiyo beti hampi mtu. Wimbo ulipoisha watu wakapaza sauti: mwenye beti hii yuko wapi? Hilohilo ndilo wanaloulizia kila siku mtandaoni. Nililia nyuma ya spika, na sioni aibu kukuambia.

Jambo jingine. Kwenye ukurasa wetu kuna mtu anajiita Mpita Njia. Picha hana. Kila wimbo anausikiliza na kuuwekea kidole gumba siku ileile unapotoka. Nimemsalimia mara zisizopungua thelathini, hata "salama" hajaniambia. Mwezi jana akaandika maneno matatu tu: "Ngoma inakimbia mwishoni." Ebo! Duniani kuna mtu mmoja aliyekuwa akimwambia Mwalimu hivyo, na alimwambia kila mazoezi kwa miaka sita.

Nilimficha shemeji yako, kumbe alishaona. Mazoezi yaliyofuata alimwagiza Mwalimu apunguze mwendo kule mwishoni, na sababu hakutoa. Tangu hapo kila asubuhi, hata uso hajanawa, ananiuliza kama vile anauliza bei ya sukari: "Yule wa mbali amesikiliza?" Nikisema bado, chai haimshuki.

Kinyozi anasema ni rahisi. Tafuta chumba kisicho na kelele, imba beti yako kwenye simu, ututumie. Sisi tutaiingiza ndani ya wimbo, na jina lako litaandikwa kama mtunzi, jambo ambalo lilipaswa kufanyika zamani. Sikulazimishi. Nakuomba tu, kwa sababu nawapenda nyote wawili na nimechoka kukaa katikati. Hasira yako naiweza. Kimya chako kinaniua.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko wanapika vyakula vinavyoshibisha. Wanangu wanamsalimu mjomba wao. Kinyozi anakusalimu. Mwalimu pia, japo amenuna kwa ajili ya ile ngoma. Mpe wifi yangu pole ya kuishi nawe, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe afya, kazi yenye heri na moyo mwepesi.

Dada yako akupendaye hata ukiwa umenuna,
Mama Salamu

Ngoja kwanza. Nilikuwa nakunja karatasi, shemeji yako akaichukua mkononi mwangu, akaisoma yote akiwa amesimama. Sasa ananiomba kalamu. Mwandiko mbaya unaofuata ni wake:

Shemeji, mashine haikuwa na hitilafu siku ile, na wimbo haukuwa mrefu. Watu walikuwa wanakushangilia wewe, si mimi. Niliona wivu. Hata dada yako sijawahi kumwambia. Nisamehe. Imba, urefushe upendavyo, mimi nitakufuata kwa gitaa.