Nimemfunika maiti wa plastiki

Rayhana, shoga yangu, niombee! Nimepatikana na hatia ya mauaji chuoni!

Unajua mimi ndiye kiongozi wa kundi letu kwenye masomo ya jioni ya uchunguzi wa jinai. Leo mtihani. Mwalimu Masha kalaza sanamu sakafuni, eti maiti, tukusanye ushahidi.

Macho wazi, shoga. Wazi! Nikasema Inna lillahi, nikajaribu kuyafumba, yakakataa. Nikamfunika kwa leso yangu.

Sanamu!

Jimmy wa kundi letu akapiga kelele, "Mama Farid, umetuangusha!"

Wakachunguza. Alama za vidole, zangu. Nyuzi, za leso yangu. Ripoti yetu ikasema muuaji ni mimi, na haipokelewi bila sahihi ya kiongozi.

Nikasema Bismillahi, nikatia sahihi.

Shoga, Mwalimu kasema tumefuata ushahidi bila kumpendelea hata kiongozi; tumeongoza darasa zima!