Sare za Shule na Msiba wa Makebuko

Gitega, 9 Septemba 1986

Kaka Zuberi,

Salamu zikukute mzima huko Muyinga. Sisi hatujambo, mashine zote tano zinazunguka, ile ya zamani nimeitia mafuta.

Tangu uniachie atelieri yako ya ushonaji nafuata yote uliyonielekeza. Nafungua mapema, nagawa kazi kwa haki. Lakini mafundi hawanioni bosi wao, wananiita dada wa patron, na uzi ukiisha wananiuliza wewe utarudi lini.

Kuna jambo lingine, usifoke. Mama yake fundi Nzisabira alifariki kule Makebuko. Mafundi wote walikwenda kuzika. Mi nilibaki nashona sare za shule, nikawapa pole wamfikishie. Waliporudi walishona kimya, polepole. Nikawaahidi nyama, nikawatisha, wapi! Mwishowe Nzisabira akaniambia, "Kaka yako angechelewesha sare, angekuja kuzika."

Siku ya kuondoa matanga nilifunga mlango mchana kweupe, nikaenda nao Makebuko. Niliketi mkekani na wanawake mpaka mwisho. Nzisabira alinisindikiza hadi barabarani.

Sare zimechelewa siku mbili. Mkuu wa shule alikuja kugomba. Nilimwambia kosa ni langu, si la mafundi. Nao walikuwa wanasikia.

Leo asubuhi Nzisabira amekuja kusimama mbele ya meza yangu. "Patron, uzi mweusi umeisha."

Kwa hiyo usiharakishe kurudi, Kaka. Nitumie uzi.

Dada yako,
Mwajuma